Acha Jibini Ilale

Asubuhi, ukungu wa Mlima Elgon hushuka mpaka Tuwan, Kitale. Chepngeno hukamua ng'ombe wake humo humo, huku akiota ndoto akiwa macho. Anaona rafu ya duka la Phanice kule Kanduyi, Bungoma. Imejaa jibini yake, nyeupe pe! Watu wananyoosha mikono. Ndoto tamu hiyo, jamani.

Siku moja simu ikalia.

"Mama Jelimo," Phanice alisema, "jibini imeota kuvu tena. Wateja wananirudishia. Ikirudia, mimi nitaacha kuiuza, bana."

Chepngeno alikaa kwenye kigoda, machozi yakimlengalenga. Akamwita jirani yake, Rosaline, anayeendesha mashine ya kufunga jibini katika kikundi cha wakulima.

Rosaline aliinua pakiti moja kwenye mwanga. "Kuna tundu hapa. Nani ametoboa?"

Kipngeno, mume wa Chepngeno, alikohoa.

"Ni mimi, kwa sindano. Ile plastiki ilikuwa imeibana ati kama imekabwa koo! Mahindi mabichi ukiyafungia bila hewa, si huoza? Nikaionea huruma."

"Alaa! Baba Jelimo, huruma yako imetumaliza!" Chepngeno alifoka.

"Twendeni kwenye mashine muone," Rosaline alisema.

Mashine ilipasha plastiki moto mpaka ikalainika, kisha ikaivuta chini ikawa bakuli. Jibini ikawekwa ndani. Plastiki nyingine ikaja juu, hewa ikanyonywa, kingo zikafungwa kwa moto. Lakini pakiti bado ilikuwa na mikunjo.

"Sasa angalieni." Rosaline aliichovya kidogo tu katika maji moto. Plastiki ikajikunyata polepole, mikunjo yote ikapotea. Chepngeno alitazama kama mtu anayeota.

"Mnaona karatasi moja," Rosaline alisema, "lakini ni matabaka yaliyoshikana. La nje huvumilia kugongwa. La katikati huzuia hewa. La ndani hushikana likipata moto. Kuvu hupenda hewa. Ukitoboa tundu moja tu, kazi yote ni bure. Na hata ukiifunga vizuri, iweke kwenye baridi."

"Kwani hiyo jibini haipumui?" Kipngeno aliuliza, bado ana huruma.

"Imelala, Baba Jelimo. Acha ilale."

Walipeleka mzigo mpya Kanduyi, ndani ya sanduku la barafu. Wiki mbili baadaye walirudi wenyewe kuona. Phanice alifungua pakiti ya mwisho mbele yao. Jibini ilikuwa nyeupe, safi, yenye harufu ya maziwa.

"Si mlete ingine!" Phanice alisema. "Rafu imebaki tupu."

Chepngeno aliitazama ile rafu tupu. Katika ndoto zake zote haikuwahi kuwa tupu, na hakujua kwamba ingempendeza hivyo.

"Na sindano yako iko wapi?" alimuuliza mumewe.

Kipngeno alionyesha kifungo kipya alichokishona kwenye koti lake.