Onyo Alilolizima Kisa

Kila Jumamosi asubuhi Kisa hufungua chumba cha kompyuta cha shule yao huko Ipyana, Kyela, hufagia, kisha huwasha mashine kabla Mwalimu Telesphory hajafika. Yuko kidato cha pili na ana kichwa chepesi. Ubaya wake ni haraka.

Jumamosi moja ya masika kompyuta kuu, inayotunza kazi za wanafunzi wote, haikupata mtandao. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, ilikuwa imesasishwa jana yake, kwa hiyo kifaa cha mtandao kilihitaji kujengewa upya moduli, kipande cha programu kinachoungana na kerneli. Kisa alikuwa amemwona mwalimu akiifanya kazi hiyo mara mbili, basi akaanza. Onyo likatokea: kerneli ilijengwa kwa kompaila toleo la kumi na mbili, wewe unatumia la kumi na tatu.

Kompaila ni programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa lugha ya mashine. "Tofauti ya namba moja tu," Kisa alijiambia, akazima ukaguzi uliotoa onyo na kuendelea. Alipoiwasha upya, kompyuta iliganda, kioo cheusi. Akarudia mara tatu.

Humo ndani mlikuwa na kazi mradi za wanafunzi hamsini na wawili, jasho la muhula mzima, wala hazikuwa na nakala.

"Sema umeme ulikatika," rafiki yake Tuntufye, aliyekuja kumsaidia kufagia, alinong'ona. "Kwa mvua hii ya Kyela, nani atabisha?"

Mwalimu aliingia akikung'uta mwavuli.

"Shikamoo, mwalimu," Kisa alisema. "Umeme ulikatika, kompyuta imegoma."

Mwalimu aliijaribu, ikaganda vilevile. Akashusha pumzi. "Basi umeme umeiharibu diski. Kazi zenu zimekwenda. Nitafuta kila kitu niweke mfumo mpya." Akachomeka flashi yenye mfumo huo.

Kisa akisema, atanyang'anywa ufunguo mbele ya shule nzima. Akinyamaza, wenzake hamsini na mmoja wataanza upya kwa uongo wake. Kidole cha mwalimu kilikuwa tayari juu ya kibodi.

"Mwalimu, naomba usifute. Si umeme. Ni mimi."

Tuntufye aliinamia sakafu. Mwalimu aliondoa mkono taratibu. "Nieleze ulichofanya. Usiruke hata hatua moja."

Kisa alieleza huku akilia. Mwalimu akaiwasha kompyuta kwa kerneli ya zamani, ambayo bado ilikuwamo, na kioo kikawaka. Kwanza alinakili kazi zote. Halafu akaiondoa moduli mbovu, akachukua mtandao wa simu yake kwa waya, akaweka kompaila toleo la kumi na mbili na kuijenga moduli upya. Safari hii kerneli mpya iliwaka, na mtandao ukapatikana.

"Ndaga, mwalimu," Kisa alishukuru kwa Kinyakyusa, machozi hayajakauka.

"Ukifyatua tofali kwa vibao viwili vya vipimo tofauti, ukuta unakaa vibaya," mwalimu alisema. "Kompyuta ilikwambia hivyo, ukainyamazisha. Hilo ni kosa la kujifunza, na hata mimi nina langu la kutohifadhi nakala. Ila lile la umeme lilitaka kunifanya nifute kazi zenu kwa mkono wangu mwenyewe, nikiamini nawasaidia. Kisa, ukiharibu kitu, niambie ukweli mapema, nipate pa kuanzia."