Aliyekanyaga Breki

Haya yalimpata shemeji yangu Mansur, mume wa dada yangu Nadira. Mengine alinieleza mwenyewe barazani kwake hapa Timbwani, chai ikimpoa mkononi. Mengine niliyaona kwa macho yangu, na laiti nisingeyaona.

Mansur huendesha gari la watalii wa hoteli moja kule Shelly Beach, na mtaani kwetu mtu akitaka kununua gari humchukua yeye akalikague kwanza. Si fundi, lakini ana jicho. Jumamosi moja Kitsao alimjia asubuhi, kabla hata hajamaliza mbaazi na mahamri yake. Kitsao ni rafiki yake tangu wakiwa shuleni, mtu mpole, kibarua wa bandarini aliyepanda hadi akawa msimamizi. Tangu utotoni alitamani kitu kimoja tu: Datsun ya milango miwili, zile za zamani zilizokuwa zikishinda mbio za magari za Safari. Sasa alikuwa amesikia kuna moja inauzwa mtaa wa Shika Adabu, kwa mjane.

"Twende ukanitazamie," alisema. "Ukisema safi, nalichukua. Ukisema bovu, narudi zangu nyumbani kwa mke wangu Dama na sina kinyongo."

Walilikuta limeegeshwa chini ya banda la mabati, jekundu, boneti refu, vioo vizima. Kitsao alilizunguka, akiligusa kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa kitoto kilicholala. Mwenye nyumba, Bi Samiha, aliwaitikia shikamoo yao akiwa barazani. Alisema gari lilikuwa la marehemu mumewe, Ahmad, na yeye mwenyewe hajui kuendesha. Akampa Kitsao ufunguo. Hakushuka ngazi.

Mansur alianza kazi. Alikwangua kutu chini ya milango, akainua zulia, akanusa oili. Alipitisha sumaku yake juu ya bati, nayo ikawa inashika vizuri, mpaka ilipofika ubavuni mwa taa ya mbele, upande wa kushoto. Hapo ilianguka. Akairudisha. Ikaanguka tena. Chini ya rangi palikuwa na kiraka.

"Liligonga kitu zamani," alimwambia Kitsao. "Kidogo tu. Si neno."

Kisha akatandika gunia, akaingia chini ya gari kukagua mipira ya breki. Alijilaza chali, jicho kwenye gurudumu la mbele.

"Kanyaga!" aliita.

Breki ikakanyagwa. Mpira ukatutumka kidogo, haukuvuja.

"Achia."

Ikaachiwa.

"Tena."

Ikakanyagwa. Mansur aliridhika, akasema basi, inatosha. Lakini haikuachiwa. Ikakanyagwa zaidi. Ikaachiwa, ikakanyagwa, mbio mbio, kwa nguvu, hata gari zima likawa linatikisika juu ya uso wake. Ilikuwa kama dereva aliyeona kitu mbele yake ghafla.

"Kitsao, basi, utaivunja!"

Ikanyamaza.

Alipojivuta kutoka, alimwona Kitsao. Alikuwa barazani na Bi Samiha, glasi ya maji mkononi, akicheka. Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye kidole chake. Milango ya gari ilikuwa imefungwa.

Mansur alichungulia kioo cha dereva. Hapakuwa na mtu. Ila kiti cha ngozi kilikuwa kimebonyea, na kilikuwa kikiinuka taratibu, kama kinavyoinuka mtu akishakiacha.

Akasimama pale. Jua la saa nne lilikuwa likimchoma utosi, na mikono yake ilikuwa baridi.

Bi Samiha alikuwa akimtazama. Akamwomba Kitsao amletee kiti kutoka ndani, na Kitsao alipoingia, ndipo kwa mara ya kwanza akashuka ngazi. Akaja hadi ukingo wa banda, akanong'ona.

"Umemsikia."

Mansur aligeuka akakitazama tena kile kiti.

"Yuwaketi mle tangu alipofariki. Usiku na mchana nasikia breki. Mwanangu, nimechoka. Sina pa kukimbilia. Gari likienda, naye ataenda. Nakuomba, wallahi nakuomba, usiseme."

Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mansur aliniambia alimwonea huruma, na hiyo ni kweli. Lakini aliniambia pia jambo lingine, akiwa ameinamisha kichwa. Aliogopa kuchekwa. Yeye ndiye aliyekuwa akiwacheka wenzake kwa habari za majini na uchawi. Angewezaje kusimama mbele ya Kitsao na kusema gari lina mtu?

Kitsao alitoka na kiti, uso unamng'aa.

"Haya, niambie kweli, ndugu yangu. Lina kitu?"

"Safi," Mansur akasema. "Lichukue."

Kitsao akamkumbatia.

Wiki za kwanza tulimwona Kitsao akipita barabarani akipiga honi, watoto wakimkimbilia. Halafu hatukumwona tena. Mansur hakwenda kumuuliza hali. Kitsao akimpigia simu, aliiacha ilie. Nadira aliona mumewe hali chakula, hasemi, na kila akiamka usiku alimkuta amekaa tu kitandani. Alimuuliza kama ni mgonjwa. Akasema ni joto.

Alasiri moja Dama alikuja mlangoni kwa Mansur, kanga begani, bila viatu. Hata salamu hakutoa.

"Shemeji, mwenzio hashuki garini. Tangu jana. Namsemesha, hanijibu. Hebu njoo, maana wewe ndiwe uliyelikagua. Alisema umemwambia ni safi."

Mimi nilikuwapo siku hiyo. Tulikwenda pamoja.

Gari lilikuwa uani kwa Kitsao, injini imezimwa, pua yake imeelekea ukuta na kamba ya nguo. Kitsao alikuwa nyuma ya usukani. Alikuwa amekonda. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola, na mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye breki. Ukikanyaga. Ukiachia. Ukikanyaga. Mishipa ya paja imesimama.

Mansur alifungua mlango.

"Kitsao."

"Sema polepole," Kitsao alinong'ona. "Akishtuka hukanyaga zaidi. Si mimi, Mansur. Mguu wake uko juu ya wangu."

Nilitazama. Niliona mguu mmoja tu.

Mansur alipiga magoti mchangani. "Nisamehe. Nilimsikia siku ile. Nilijua."

"Najua ulijua. Ameniambia."

Nguo zilikuwa zikipepea kwenye kamba.

"Neno moja tu," Kitsao akasema, na machozi yakamtoka. "Nilikuuliza. Ungeniambia neno moja tu."

Mansur alivua kiatu. Akaingiza mguu wake wa kulia kando ya mguu wa Kitsao, akaubana pale pale kwenye pedeli.

"Njoo kwangu," alisema, na hakuwa akisema na Kitsao. "Mwache huyu. Niliyekuleta ni mimi."

Nikamwona Kitsao akilegea. Akaanguka kando, Dama na mimi tukamvuta kwa mlango wa pili. Mansur akakaa. Uso wake ukageuka rangi.

"Ni baridi," alisema. "Hana kiatu."

Halafu mguu wake ukaanza. Ukikanyaga. Ukiachia. Macho yake yalikuwa yamekodolea kile kioo cha mbele, na mbele hapakuwa na kitu ila ukuta na nguo za Dama. Nilisoma kila aya niliyoijua. Dama naye aliomba kwa dini yake, amemkumbatia mumewe. Tulikaa hivyo mpaka muadhini alipoadhini magharibi. Mguu ukasimama. Mansur akatoka kwa kutambaa, akatapika mchangani.

Kulipokucha tulikwenda Shika Adabu, mimi na yeye. Bi Samiha alitufungulia. Alikuwa amenawiri, amelala vyema. Alipotuona alianza kulia kabla hatujasema.

"Alimgonga mtoto, mtoto akafa," alisema. "Miaka mingi iliyopita, barabara ya Shelly Beach, mtoto wa kike ametumwa dukani. Hakuwahi breki. Hakusimama, akaja nyumbani, akalipaka rangi. Mimi nilimshikia taa akipaka." Akajifuta machozi kwa ukaya wake wa kichwani. "Nami sikusema. Hadi mauti yake alikuwa akienda kuketi mle na kukanyaga, kana kwamba sasa atawahi."

Tuliwaita wanunuzi wa vyuma chakavu. Walilikata vipande mchana kweupe, mbele yetu, Mansur akisimamia mpaka kipande cha mwisho. Sheikh alisoma dua. Kitsao amepona, anakwenda kazini. Lakini hajamsemesha Mansur hadi leo. Wakikutana njiani, Kitsao huvuka upande wa pili, na Mansur husimama akiinamisha kichwa mpaka apite.

Siku ile ya garini, Mansur alibaki na alama juu ya mguu wake wa kulia. Vidole vitano vipana na kisigino, vya rangi ya bluu, kama mtu mzima amemkanyaga kwa uzito wake wote. Baada ya gari kukatwa zilianza kufifia. Tulishukuru Mungu. Mwisho zikafutika kabisa.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nikitawadha karibu naye kwenye birika la msikiti. Alipouinua mguu wa kulia kuuosha, niliona alama tena. Nilimwangalia, naye akaniangalia, akauficha haraka chini ya kanzu.

Lakini nilikwisha kuona. Hazikuwa zile. Hizi ni ndogo, za kitoto. Na vidole vyake vimemwelekea yeye, kama vya mtu aliyesimama mbele yake, akimtazama usoni.