Mpagazi wa Kilima cha Mwisho

Jumamosi ile stendi ya Kisarawe ilijaa hata muuza machungwa akakosa pa kuweka beseni lake. Foleni ya kujiandikisha mbio ndefu za milimani ilianzia kwenye meza chini ya turubai, ikapita vibanda vya chipsi, ikaenda kugusa mabasi ya Dar. Katika foleni hiyo alisimama Herieth, muuguzi wa zahanati moja ya Mbwawa, bado na sare ya kwaya: kitenge cha zambarau kinachofagia chini, na ndani yake raba za kijani zilizokwisha soli.

"Mke wangu," sauti ikasema nyuma yake, "na hicho kitenge nacho kinapanda mlima?"

Akageuka amekunja uso. Kijana mrefu, shati limenyooshwa pasi ya mkaa, anatabasamu bila haya.

"Kabila gani wewe, unayeoa kwenye foleni?"

"Mnyamwezi wa Tabora. Castory. Nafundisha hesabu kule Kurui."

Uso wa Herieth ukakunjuka. "Kumbe mtani. Mimi Mzaramo wa Maneromango. Basi shika mkoba huu, mpagazi, ndiyo kazi iliyowaleta pwani."

Castory akaubeba mpaka mezani. Ndivyo walivyo Wazaramo na Wanyamwezi, hutaniana hata msibani mbele ya jeneza, na anayenuna ndiye mwenye kosa.

Mbio zilikuwa bado miezi minne. Kila Jumamosi wakawa wanakimbia pamoja vilima vya Kisarawe, na kila jioni simu inaita Mbwawa. Castory huuliza kama mke wake amekunywa maji, Herieth humwuliza kama mpagazi ametua mzigo, basi hapo maneno hayaishi mpaka salio liishe.

Lakini moyo wa mwanamke una maswali yake. Castory alimwita mke wangu mbele ya watu, na kwa kicheko kilekile alimwita hivyo hivyo bibi kizee wa Kizaramo muuza uji. Je, ndani ya mzaha ule mlikuwa na neno? Siku moja Herieth alimbana, naye akasema asubiri, kuna jambo analiandaa.

Akasubiri. Zikiwa zimebaki wiki tatu, simu zikakatika. Herieth akapiga mara sita, ya saba ikapokelewa.

"Nimeelewa, dada Herieth. Nakutakia mbio njema."

Dada. Neno lile lilimchoma kuliko tusi. Akalia siku mbili, ya tatu akafunga kamba za raba. Atakimbia, hata kama ni kwa hasira tu.

Siku ya mbio udongo mwekundu ulikuwa umelowa. Wakaingia msituni wakifuata vitambaa vyekundu vilivyofungwa matawini, mizizi inakwaza vidole, vijito vinajaa ndani ya viatu. Kilomita ya ishirini miguu ya Herieth ilianza kulalamika. Ya thelathini na moja, katikati ya kilima kirefu kuliko vyote, akamkuta Castory ameketi kwenye mzizi, kiatu kimoja mkononi, kifundo kimevimba kama boga.

Castory akamwambia aende, asipoteze muda.

"Nyamaza. Niko kazini."

Alivua kitambaa chake cha kichwa, akamfunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Nilikukosea nini?"

Castory akakiweka kiatu chini. Hata utani ulikuwa umemkauka. "Nilimtuma mshenga kwenu, Mnyamwezi mwenzangu. Mzee Bilali. Shangazi yako akaitia barua motoni haijafunguliwa, akampaka mzee wa watu unga usoni, akamtwisha kikapu cha mihogo arudi nacho. Mtu akijibiwa hivyo, angoje jibu gani tena?"

Mikono ya Herieth ikasimama. Aliikumbuka jioni ile, Shangazi Marselina akifuta machozi ya kicheko, akisimulia alivyomkomesha mtani mmoja aliyekuja na barua eti ya posa. Na yeye Herieth alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Hakuuliza hata jina.

"Umemtuma Mnyamwezi kwa Mzaramo, Castory. Nani angedhani ni kweli?"

"Huku sina mzee mwingine."

"Nami nilicheka," akasema taratibu. "Niliicheka barua yangu mwenyewe."

Wakimbiaji wawili wakapita wakihema, hawakuwaangalia.

"Ilisema nini? Nieleze bila utani."

"Ilisema nakuomba. Basi. Mimi mtu wa hesabu, maneno sina."

Herieth akajifuta uso kwa kiganja chenye tope, akaupitisha mkono wa Castory begani kwake. "Simama. Leo Mzaramo ndiye mpagazi."

Wakajikokota hivyo kilomita tatu mpaka kituo cha huduma ya kwanza, huko Castory akapandishwa pikipiki. Herieth akazimaliza nane zilizobaki peke yake, na alipoingia uwanjani meza zilikuwa zinakunjwa. Shangazi Marselina alikuwepo na dafu mkononi. Kabla hajalipokea, Herieth akamweleza yote, pale pale amesimama.

Shangazi akashika kinywa. Akamtazama kijana aliyekaa kwenye nyasi na mguu uliofungwa kitambaa anachokifahamu.

"Shikamoo, mama," Castory akasema.

"Marahaba. Kumbe ile barua ilikuwa yako." Aibu na kicheko vikagombania uso wake. "Mwambie Mzee Bilali aje tena Jumamosi na nyingine, nitamfungulia mlango kwa heshima zake. Na kikapu changu akirudishe."

Castory akamgeukia Herieth. "Mke wangu," akamwita, kwa sauti ileile ya stendi.

Safari hii Herieth hakutaja upagazi.

"Abee," akaitika.