Mashua Iliyolilia Jina

Jua lilikuwa limeshagusa maji Jentrix aliporudi kutoka Kisian, kopo la rangi mkononi, unga wa ugali kichwani, na hasira kidogo moyoni. Mwenye duka la rangi alikuwa amemzungusha mchana kutwa. Mtu akikuambia "rudi baadaye" mara nyingi, hata miguu yako inakuchukia. Lakini hasira ilimwisha alipoiona mashua.

Yao. Wenyewe.

Ilikuwa imevutwa hadi juu ya ufuo wa ziwa na kulazwa juu ya magogo. Kule mjini, mtaa wa Obunga, Jentrix alikuwa amekaanga mgongo wazi hadi macho yakaiva kwa moshi: ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwanda vikishachukua minofu. Mumewe, Waswa, alikuwa akitengeneza vitanda vya kulaliwa na wengine. Sasa walikuwa na mashua kuukuu waliyoinunua Luanda Kotieno kwa Mathews, mzee aliyefiwa na mke. Walitaka kuuza samaki mzima, mwenye nyama. Basi wakahama kutoka mjini, wakasimamisha kibanda cha mabati kando ya mashua, wakaanza kuitengeneza.

Siku hiyo Waswa alikuwa ameikwangua yote. Rangi ya zamani ilikuwa imelala chini kwa maganda, pamoja na jina lililokuwa ubavuni. Rosebella.

"Umeliondoa hata jina?" Jentrix aliuliza.

"Sasa mimi nitavua na jina la bibi ya mtu? Tutatafuta letu Jumapili. Haraka ya nini?"

Okello, fundi wa mashua wa pale ufukweni, alikuwa akikusanya patasi na nyuzi za pamba alizokuwa akizibia nyufa. Aliutazama ule ubavu mtupu, akaacha kukusanya.

"Omera, ndugu yangu, andika kitu."

"Mbao bado mbichi, mzee. Rangi haitashika."

"Mimi sisemi rangi. Andika hata na makaa. Hapa sisi ukitoa jina ya boti, unaipatia ingine hapo hapo. Haiwezi lala bila jina."

Waswa alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka, na kicheko hicho ndicho Jentrix alichompendea. Lakini yako mambo hayachekwi, na mgeni wa ziwa hayajui. Okello alitikisa kichwa, akabeba kapu lake akaenda zake.

Jentrix aliinjika maji. Mbu wa ziwa walianza kuzunguka moto. Upepo ulikuwa umetulia kabisa, hata magugu yaliyoziba ukingo wa maji hayakutikisika.

Ndipo mashua ikalia.

Ngiii…

"Ni mbao zinakauka," Waswa alisema.

Ngiii… ngiii… ngiiiii…

Mbao hazilii vile. Jentrix alikuwa amelea wadogo zake, na sauti ile aliijua. Ilikuwa inapanda, inakatika, inavuta pumzi, inaanza tena. Harufu ikaja pia, ya matope ya chini kabisa ya ziwa, na ndani yake harufu ya maziwa yaliyochacha.

"Baba, twende tulale kwa Okello," alimnong'oneza mumewe.

"Kwa ajili ya mbao? Huyu ni mtoto tu. Si tulisema ndiye kifungua mimba wetu? Analilia jina."

Kwao wote wawili, Bungoma, mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee huyaita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine. Akinyamaza kwa jina fulani, basi huyo ndiye aliyerudi, na mtoto ataitwa hivyo. Kila mtu kwao alipata jina lake namna hiyo. Waswa mwenyewe alilipata lake hivyo. Alipoinuka sasa akasimama mbele ya mashua, mikono kiunoni kama mjomba wa arusi, ilikuwa mizaha tu ya mtu aliyefurahi.

"Wechuli!" Aliita jina la babu yake.

Ngiiii…

"Nakhungu!"

Kilio kikapanda.

"Naswa!" Hilo lilikuwa jina la marehemu mama yake. Mashua ililia hata magogo yakatetemeka.

"Acha!" Jentrix alisema. "Hao ni watu wako."

"Eh, huyu anachagua." Waswa aligeuka huku akicheka. Hawakuwa na mtoto bado wa kumfanya mkewe aitwe mama fulani, kwa hiyo alimwita kama alivyomwita siku zote. "Jentrix! Njoo basi ujaribu wewe…"

Kimya.

Si mashua peke yake. Vyura pia walinyamaza. Jentrix alisikia maji ya ugali yakichemka, na hakusikia kitu kingine duniani.

"Imeshika," Waswa alisema polepole. Hakuwa anacheka tena.

Asubuhi Jentrix aliamka nywele zimelowa. Mto ulikuwa mkavu, blanketi kavu, nywele zinachuruzika maji yenye vipande vya magugu. Aliota jua siku nzima na bado akatetemeka. Alipoonja uji, ulikuwa na ladha ya matope. Akautema. Ugali vilevile, na chai vilevile. Alimwambia Waswa ni homa, Waswa akakubali upesi, kwa kuwa wote wawili walitaka sana iwe homa.

Kisha mchuuzi wa dagaa wa omena alipita njiani, akaita kwa furaha, "Jentrix! Habari ya huko?"

Tok, tok.

Ilitoka ndani ya mashua. Mbao ziliitika kabla hajafungua mdomo. Mchuuzi alidhani Waswa yumo ndani anagonga misumari, akaendelea na safari. Waswa alikuwa amesimama kando ya mkewe, na nyundo ilikuwa chini.

Tangu hapo aliacha kumwita kwa jina. Alimpigia Mathews simu, akaiweka kwa sauti kubwa ili Jentrix asikie.

"Mzee, hii boti ulituuzia. Ilikuwa na jina Rosebella."

"Ndiyo."

"Rosebella ni nani?"

Wakasikia kwanza kuku wa mzee wakilia huko Luanda Kotieno.

"Alikuwa bibi yangu."

"Uliandika jina lake akishakufa?"

"Hapana," Mathews alisema. "Wakati naandika alikuwa mzima. Alikuwa mzima kabisa." Halafu simu ikakatika, na hakuipokea tena.

Jentrix alitaka ichomwe. Alimwaga mafuta ya taa mwenyewe. Okello ndiye aliyemnyang'anya kiberiti. "Nyar Bungoma, binti wewe, jina yako iko ndani," alisema. "Ukichoma, unachoma nini?" Alipoulizwa dawa yake ni nini, alisema hajui. Kwao mambo hayo hayakuwahi kufika hapo, kwa kuwa kwao hakuna aliyeiacha mashua ilale bila jina. Alisema hivyo kwa huruma, lakini akiwa amesimama mbali.

Mwili wa Jentrix uliisha haraka. Gauni lilimpwaya, na midomo ikapauka kama ya mtu aliyekaa majini mchana kutwa. Mashua nayo ilinenepa. Nyufa zilizobaki zilijifunga zenyewe. Mbao zikalainika, zikapata joto, na mtu akiweka kiganja ubavuni alihisi kitu kinapanda na kushuka.

Siku moja jua likizama, Waswa aliketi karibu naye.

"Kwetu mtoto akipewa jina lisilomfaa, anafanywaje?"

Jentrix alijua. "Anaambiwa jina hilo si lake. Atalia tena. Kisha anaitwa mengine. Akilikubali jipya, la kwanza analiacha."

"Basi twende."

Alimbeba hadi kwenye mashua. Yeye, aliyekuwa akibeba gunia la mkaa peke yake, alibebwa na mumewe kama kifurushi cha mboga. Waswa alipiga mbao kwa kiganja.

"Hilo jina si lako. Lirudishe."

Ngiii…

Aliwaita wafu wake wote upya, na safari hii hakuita kwa mizaha, aliwasihi. Jentrix akawaita wa kwao. Kila jina lilipotajwa kilio kilizidi, na ile harufu ya maziwa ikawajaa kooni.

"Haiwataki waliokufa," Jentrix alisema. Alielewa na alijua kwamba Waswa naye ameelewa. "Inataka mtu aliye hai."

Hawakutazamana.

Naye Jentrix, mtu wa kanisani, aliyekuwa akiwagawia watoto wa jirani vipande vya samaki, alisikia mdomo wake ukisema, "Mwite Mathews. Alijua. Alituuzia akijua."

Aliona aibu. Lakini hakulirudisha neno. Usimcheke; kifo kikikushika kifundo cha mguu, nawe utatafuta mguu wa mwingine.

Waswa alimrudisha kibandani, akamfunika blanketi, akamwegemeza karibu na moto. "Songa ugali," alisema. "Nitaita mimi. Wewe usisikilize."

Alisonga, mwiko ukiwa mzito kama mti. Nje kilio kilipanda hadi mabati yakalia. Ngiiii… ngiiiiiii… Akasikia sauti ya mumewe, chini sana, neno moja tu. Hakulishika.

Kimya.

Kwanza lilikuja joto. Lilianzia nyayoni, likapanda, hadi jasho likamtoka usoni. Kisha njaa. Njaa kali kama ya mtoto. Alimega ugali ukiwa bado sufuriani, ukamchoma vidole, akautia mdomoni, na ulikuwa ugali. Ulikuwa mtamu! Waswa aliingia, akamkuta anakula kwa mikono miwili.

"Ameacha," Jentrix alisema, mashavu yamejaa. "Baba, ameniacha! Ulimwita Mathews?"

"Kula kwanza."

"Mungu atusamehe. Ulimwita Mathews, sivyo?"

"Nimesema kula." Alikuwa akitabasamu, amejikunyata, mikono amejifumbatia kifuani.

Nje, hatua zilisimama. Alikuwa Okello, aliyesikia ule ukimya akaja mbio kujua kama kuna maiti. Aliita kwa wasiwasi, kwa sauti kubwa:

"Waswa! We, Waswa!"

Tok, tok.

Waswa hakugeuka. Alimsogezea mkewe sahani ya samaki, akatoa miba kwa vidole vyake vilivyoanza kupauka, kipande kwa kipande. Jentrix alimtazama. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni. Alitaka kupiga kelele, alitaka kutema, alitaka kutoka akaite jina lake mwenyewe hadi sauti ikauke. Lakini njaa ile ilikuwa kubwa kuliko yeye, na mkono wake ukarudi kwenye sahani.