Siku Kumi za Mgeni

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Bibi Mifupa alitoka na ndoo mbili kwenda buchani. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa, kwa sababu aliomba mifupa na mabaki ya nyama kwa ajili ya mbwa wake. Hakuchukia. "Kuna majina mabaya zaidi," alisema.

Nyuma ya nyumba yake waliishi mbwa kumi na tisa. Hakuna hata mmoja aliyenunuliwa. Wengine walitupwa langoni ndani ya gunia. Wengine waliachwa na wenye nyumba waliohama. Mbwa aitwaye Karani alikuwa mzee asiyeona vizuri, na alipenda kulala juu ya magazeti. Mwenzake, Kocha, alikuwa na miguu mitatu, lakini chakula kikija yeye ndiye wa kwanza.

Kazi hiyo ilikuwa na raha na machungu yake. Leo familia ingekuja kuchukua mbwa mmoja, na Bibi Mifupa angeimba kutwa nzima. Kesho mtoto wa mbwa angemfia mapajani, naye angemzika nyuma ya banda.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Mdomo wake ulilalamika, mikono yake ilisaidia. Banda lote alilijenga yeye.

Jumanne moja, mwenye bucha aliwaambia kuna mbwa amelala mtaroni karibu na soko. Walikwenda na toroli. Walimkuta dume la rangi ya kahawia, mbavu zinahesabika, mguu wa nyuma umevimba. Fundi alimfunika kwa gunia, akampakia, wakafika nyumbani salama. Lakini alipokuwa akimtua, mbwa aligeuka ghafla akamng'ata mkono, karibu na kidole gumba. Damu ikatoka.

Bibi Mifupa alimsukumia mbwa ndani ya chumba kitupu cha banda, akafunga. "Hebu nione mkono, baba watoto."

"Si kitu. Mchubuko tu." Fundi alifuta damu kwa kitambaa, kisha akapaka grisi ya baiskeli. "Minyororo imenikata miaka ishirini, na bado nipo."

Binti yao alikuwa akianika nguo. Aliona yote. Aliweka beseni chini, akaenda kumwita jirani yao, muuguzi wa kituo cha afya.

Muuguzi huyo na Bibi Mifupa hawakuwa wakielewana. Wiki iliyotangulia tu walirushiana maneno juu ya ukuta kwa sababu ya kelele za mbwa. Hata hivyo alikuja mbio, unga wa chapati ukiwa bado mikononi.

"Shemeji, mbwa huyo mnamjua?"

"Ndiyo kwanza tumemleta."

"Amechanjwa?"

"Labda umuulize mwenyewe," Fundi alisema huku akicheka.

Muuguzi hakucheka. "Twende bombani."

Aliiondoa ile grisi. Akaosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, huku saa iko mbele yake. Dakika ya nne Fundi alisema mkono wake sasa ni safi kuliko wa bwana harusi.

"Bado kumi na moja," alijibu muuguzi. "Ni dakika kumi na tano, shemeji. Kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate. Kinaingia kupitia jeraha, hata dogo, kisha kinasafiri polepole kuelekea kwenye ubongo. Sabuni na maji huondoa vijidudu vingi kabla havijapata njia. Grisi, pilipili, majivu, vyote hivyo havisaidii."

"Na kikifika kwenye ubongo?" binti aliuliza.

"Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana tunawahi."

Fundi hakutania tena. "Basi huyu mbwa tumwue."

"Hapana. Mfungieni peke yake siku kumi, asiguswe na mtu. Kama mate yake yalikuwa na kichaa leo, hatazimaliza siku hizo akiwa mzima. Lakini wewe usizingoje. Sindano ya kwanza ni leo hii."

Njiani kwenda kituo cha afya Fundi alitembea polepole. Mwishowe alisema kilichomsumbua. "Nasikia sindano zenyewe ni za tumboni."

"Hizo ni za zamani," muuguzi alimwambia. "Siku hizi ni begani."

Kituoni alichomwa begani. Kwa kuwa jeraha lilikuwa limetoa damu, alichomwa pia dawa ya kinga kuzunguka jeraha. Akapewa kadi yenye tarehe za kurudi.

Yule mbwa walimpa jina la Mgeni. Bibi Mifupa alisukuma bakuli lake chini ya wavu kwa fimbo ndefu. Kila Mgeni alipokula, moyo wa Bibi Mifupa ulitulia kidogo. Siku ya sita, Mgeni hakula. Alilala kwenye kona, hakuinua hata kichwa.

Bibi Mifupa alikwenda mwenyewe kwa muuguzi.

"Jirani, hakula," alisema mlangoni. "Mume wangu nimemponza mwenyewe."

Muuguzi alimshika bega. "Mumeo amekwenda kwenye sindano zake zote mpaka leo. Hata huyu mbwa akiwa mgonjwa, mumeo hakuchelewa. Sasa tumwite daktari wa mifugo."

Daktari alimtazama mbwa kwa muda mrefu kutoka nje ya wavu. Kisha alivaa glavu nene, akamfunga mdomo kwa mkanda, akamchunguza. "Ana jipu kubwa mguuni," alisema. "Limempa homa. Ndiyo sababu ya kung'ata, maana mlimgusa hapo hapo. Lakini siku kumi zitimie kwanza."

Alilipasua jipu na kumpa dawa. Jioni yake Mgeni alilamba bakuli mpaka likang'aa.

Siku ya kumi daktari alirudi. Mgeni alisimama, akatikisa mkia, akabweka. "Huyu ni mzima," daktari alisema. Bibi Mifupa alikaa chini pale pale alipokuwa. Fundi alikohoa, akajifanya anakagua bawaba za mlango.

"Basi sindano zilizobaki niziache?" aliuliza baadaye.

"Hilo kamuulize daktari wa kituo. Usijikatie mwenyewe," alijibu muuguzi.

Fundi aliuliza, akaambiwa amalizie, akamalizia.

Jumamosi iliyofuata mbwa wote walichanjwa. Muuguzi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaambia majirani walete na wa kwao. Kile chumba kitupu kikawa cha mbwa wageni, na sabuni haikukosekana bombani.

Miezi miwili baadaye, mke na mume wenye bustani ya miche walikuja kumchukua Mgeni. Fundi aliwapa kadi ya chanjo ya mbwa huyo na kuwasisitizia tarehe ya kuirudia. Mgeni aliondoka nao bila kugeuka nyuma.

Bibi Mifupa alifuta macho kwa ncha ya nguo.

"Unalia nini, na mbwa amepata kwao?" Fundi aliuliza.

"Ndicho ninacholilia," alisema. Kisha wakaingia kuwalisha kumi na tisa waliobaki.