Honorine Anachagua Mashine ya Vumbi

Honorine na mume wake Laurent walipanga vyumba viwili vidogo mjini Bunia. Chumba kimoja kilikuwa cha kulala. Cha pili kilikuwa cha kila kitu: kula, kupokea wageni, na kazi. Humo Honorine alishona nguo. Cherehani yake ilikaa karibu na dirisha, juu ya zulia.

Mlango wao ulitazama barabara. Wakati wa kiangazi malori ya kwenda Iga Barrière yalipita hapo, na vumbi jekundu likaingia hadi kitandani. Kila asubuhi Honorine alifagia kwa nguvu. Na kila alipofagia, binti yao Ornella alikohoa.

Asubuhi moja kikohozi hakikuisha. Kifua cha mtoto kilipiga filimbi. Midomo yake ilibadilika rangi. Honorine alimbeba, akakimbia kwa jirani yao Pétronille, muuguzi wa kituo cha afya. Pétronille alimkalisha mtoto wima, akampulizia dawa ya pumu kwa pompu. Polepole pumzi ilirudi.

"Twende kituoni sasa hivi," alisema Pétronille. "Daktari amuangalie vizuri."

Huko daktari alisema ni pumu, akawapa pompu yao. Jioni Laurent alirudi kutoka kazini, akasikia habari yote. Kisha akasema:

"Nitamupeleka mutoto Gety, kwa mama yangu. Kule malori hazipite."

"Na dawa atapata wapi?" aliuliza Honorine. "Na njia? Juzi watu walirudia katikati ya njia, walisikia masasi ya bunduki."

"Basi weye unataka nini? Atufie hapa?"

Honorine alimtazama mtoto aliyelala. Alikuwa amekwisha kukimbia vita mara moja, na mtoto huyu mgongoni. Hakutaka kutengana naye.

"Mutoto hataenda," alisema. "Vumbi njo itatoka. Unipatie mwezi moja."

Laurent alishusha pumzi. "Sawa. Mwezi moja, kisha tutaona."

Jumapili, baada ya misa, Pétronille alikuja kuangalia nyumba.

"Mama Ornella, unafagia pakavu?"

"Ndiyo, kila siku."

"Njo shida iko hapo. Ufagio haiondoe vumbi. Inairusha juu, kisha inashuka kwa kitanda, na mutoto anaivuta. Kwa sakafu ya sima, upanguse na kitambaa yenye maji. Lakini zulia na godoro zinaficha vumbi ndani, pamoja na nyuzi za nguo unashona. Kule inaomba aspirateur, ile mashine inafyonza vumbi."

Aliinama, akachungulia chini ya kitanda. Palikuwa na mafurushi matatu, yamefungwa kwa kitenge. Vumbi limeyafunika.

"Hizi ni nini?"

"Usiguse," alisema Laurent haraka. "Tulikimbia nazo toka Djugu. Vita ikirudia, tunabeba tu na tunaenda."

Pétronille hakucheka. "Hata mimi niko na yangu. Lakini iko mu malle, sanduku ya chuma yenye kufungwa. Ukitaka kukimbia, utakimbia nayo. Lakini vumbi haiingie."

Laurent alifikiri sana. Kesho yake alileta sanduku la chuma. Walifungua mafurushi nje, upande upepo unakokwenda. Vumbi lilifumuka hata Laurent mwenyewe akakohoa. Alifunga vitu vyote ndani ya sanduku, na tangu hapo hakubisha tena kuhusu vumbi.

Kisha rafiki yake Roger aliwaazima aspirateur yake. Ilikuwa kubwa, na waya mrefu. Hawakuona pa kuiweka, basi ilikaa juu ya kiti cha wageni. Walingojea umeme. Umeme ulipokuja, mashine ilinguruma, na mara taa za kiwanja chote zikazimika. Majirani walipiga kelele. Walipojaribu tena, vumbi lilitoka nyuma ya mashine. Ornella alianza kukohoa, wakamtoa nje.

"Umeona?" alisema Laurent.

"Nimeona," alijibu Honorine. "Hii haiko ya nyumba yetu. Nitatafuta yenye itaweza nyumba yetu."

Alishona sare za kwaya, akaweka akiba. Fedha zilipotosha, alikwenda na Pétronille kwenye duka la Athanase. Athanase alileta katoni kubwa yenye picha inayong'aa.

"Mama, hii iko na nguvu kupita zote!"

"Haiko na waya?"

"Iko na waya."

"Basi hapana. Kwetu courant inakuja na kwenda. Unionyeshe yenye kutumika na batiri."

Athanase alileta mbili ndogo zisizo na waya. Honorine aliinua ya kwanza kwa mkono mmoja. Mkono ulichoka upesi. Ya pili ilikuwa nyepesi.

"Muulize kama batiri inatoka," alinong'ona Pétronille.

"Inatoka," alisema Athanase, akaichomoa. "Mashine inabakia nyumba. Unabeba batiri na chaji yake tu, unapeleka pale wanachaji matelefone."

"Chaji inakaa muda gani?"

"Kwa nguvu kidogo, karibu nusu saa. Kwa nguvu yote, dakika chache tu. Sitakudanganya."

"Vyumba ni viwili. Inatosha. Na filtre?"

Athanase alitoa kichujio cheupe, chenye mikunjo. "Hii inakamata vumbi yenye macho haione. Unaisafisha na maji. Ikichakaa, ingine niko nayo hapa."

Honorine hakutosheka na maneno. Alichukua kitambaa cheupe chenye maji, akakishika nyuma ya mashine, pale hewa inapotokea. Kwa mkono mwingine alifyonza vumbi la zulia la mlangoni. Kisha akatazama kitambaa. Kilikuwa cheupe vilevile.

"Hii njo nataka," alisema.

Njiani Pétronille alimwonya. "Sikia, Mama Ornella. Vumbi uimwage nje, mutoto akiwa mbali. Filtre ikauke kabisa mbele ya kuirudisha. Usifyonze maji, usifyonze makaa ya moto. Na pompu isitoke mu nyumba, maana mashine haiko dawa."

Honorine alitundika mashine ukutani, nyuma ya mlango. Kila jioni, kazi ya kushona ikiisha, Ornella alitoka kucheza kwa Pétronille. Honorine alifyonza zulia, kiti, godoro na chini ya kitanda. Kisha alipangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji. Laurent ndiye aliyepeleka batiri kuchajiwa asubuhi.

Mwezi uliisha. Kiangazi kilikuwa bado kinaendelea, na malori yalipita kama kawaida. Lakini Ornella alilala bila kukohoa. Daktari alimpima, akasema kifua kimetulia, waendelee vilevile. Laurent alimpigia mama yake simu.

"Mama, mutoto anabakia kwetu. Siye tutakuja kukusalimia, njia ikiwa nzuri."

Jumamosi watoto wa kiwanja walikuwa wakiruka kamba. Ornella aliingia mbio, jasho usoni.

"Mama, maji!"

Alikunywa kikombe chote kwa pumzi moja, akatoka tena mbio.