Mikono Hamsini na Mbili

Soko la Kamwokya lilifurika watu, na kwenye rundo la mitumba miwani ya kuogelea ilikuwa moja tu. Watu wawili wakaidaka pamoja.

"Niachie, ssebo!"

"Nyabo, kwani unajua kuogelea?"

Huyo aliyeuliza ndiye Tresor, Mkongo, mwalimu wa kuogelea kwenye bwawa moja la Bukoto, shati jeupe limenyooshwa. Lamwaka, binti wa polisi, gauni la njano, akacheka. Miwani akaipata, moyo akauacha pale pale.

Alitaka kazi ya polisi wa majini. Mtihani ni mita mia nane bila kupumzika. Tresor akampima kwa saa.

"Sheri wangu, unapiga mikono arobaini na nne kwa dakika. Mwendo huo utakufikisha. Usizidishe."

Kila jioni akapiga simu. "Ngapi, mrembo?"

"Arobaini na nne, mpenzi."

"Haya, lala."

Kisha akaja mwanafunzi mwingine, Faridah wa Kibuli, naye akiitaka nafasi hiyo hiyo ya polisi. Lamwaka akamsikia Tresor akimpigia makofi ya haraka haraka kumpa mwendo.

"Faridah hamsini na mbili, mimi unaniburuza kama konokono! Umempenda?"

"Faridah ni mfupi, mikono mifupi. Wewe mrefu, mkono mmoja unakwenda mbali."

"Mwongo!"

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi, siku ya jaribio la mwisho, Lamwaka alizima simu, akajitosa, akapiga hamsini na mbili. Mizunguko sita ya kwanza aliruka kama samaki. Wa tisa, mabega yakawa mawe. Alifungua kinywa atafute hewa, akakuta maji. Mwanga ukapanda juu, yeye akashuka.

Wazazi wenzangu mnaosoma, anayezama hapigi kelele. Watu walikuwa pembeni wanakunywa soda, wanacheka.

Tresor akaruka na viatu vyake.

Lamwaka alitapika maji juu ya saruji. "Ulijuaje?"

"Nilikuwa nahesabu. Hamsini na mbili, thelathini, kumi na moja... halafu hakuna."

"Nimekutukana, na bado unanihesabu?"

"Ningeachaje?"

"Basi njoo nyumbani, umwone baba."

Alikwenda, akakubaliwa. Nafasi ya polisi aliipata Faridah. Na hadi leo, akiwa mke wa Tresor, Lamwaka akinawa uso kwenye beseni, mkono mmoja hushika ukuta kama ukingo wa bwawa.